Wifredo Lam: Mchoraji wa Shamba la Miwa

Wifredo Lam alizaliwa tarehe 8 Desemba 1902 katika mji wa Sagua la Grande, kaskazini mwa Kuba ya kati, miezi michache baada ya kisiwa hicho kutangazwa kuwa jamhuri. Alikuwa mtoto wa nane wa Lam Yam, Mchina aliyetoka Canton, na Ana Serafina Castilla, Mkuba mwenye damu ya Kiafrika na ya Kihispania ambaye ukoo wake ulikuwa na mizizi Kongo. Baba alikuwa tayari mzee mtoto huyu alipozaliwa. Alikuwa na duka, na kwa kuwa alijua kusoma na kuandika Kichina, Wachina wenzake wasiojua kalamu walimwendea awaandikie barua za kupeleka kwao. Nyumbani Kihispania ndicho kilichokuwa lugha ya mama. Kichina kilibaki kuwa lugha ya baba na ya wageni wa baba.

Ili kuelewa jinsi ndoa kama hiyo ilivyowezekana, ni sharti kuanza na sukari. Kati ya mwaka 1847 na mwaka 1874 Wachina wapatao 125,000 walifikishwa Kuba, wengi wao kupitia bandari za kusini mwa China, wakiwa wamefungwa kwa mikataba ya miaka minane. Maelfu wengine walifia baharini. Mikataba hiyo iliandikwa kwa lugha ya hiari, lakini utekelezaji wake haukutofautiana sana na utumwa: Mchina alikata miwa katika shamba lile lile alimokata mtumwa Mwafrika, akasimamiwa na mnyapara yule yule, akalala katika mabanda ya namna ile ile. Utumwa wenyewe haukukomeshwa Kuba hadi mwaka 1886. Aidha, karibu wote walioletwa walikuwa wanaume. Waliobaki kisiwani baada ya mikataba yao kwisha walioa wanawake weusi na machotara waliokuwa majirani zao. Kwa hiyo, yanapotajwa mahusiano ya kiutamaduni baina ya Wachina na watu wa lugha ya Kihispania, isidhaniwe kwamba yalianzishwa na mabalozi wala maprofesa. Yalianzia kwenye panga la kukatia miwa, na tangu mwanzo Mwafrika alikuwepo.

Mahusiano hayo yaliacha alama ambazo mpaka leo zinasikika na kuonekana. Katika mji wa Santiago de Cuba, tangu miaka ya 1910, msafara wa ngoma ya konga wakati wa sherehe za mitaani huongozwa na ala ya Kichina iitwayo suona, ambayo Wakuba waliipa jina la tarumbeta ya Kichina. Kwa hakika si tarumbeta. Ni ala ya matete mawili, ya jamii moja na zumari inayopulizwa Lamu na kwingineko katika pwani ya Waswahili. Mchina alileta zumari, Mbantu akaleta ngoma, na maneno ya nyimbo yakawa ya Kihispania. Katika upande wa imani, shujaa wa kale wa Kichina, jemadari Guan Gong, aligeuka huko Kuba kuwa San Fan Con, mtakatifu aliyelinganishwa na Shango, mungu wa radi wa Wayoruba, ambaye naye alikuwa amekwisha kufichwa nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Barbara wa Wakatoliki. Waliokuwa Wakongo nao walihifadhi desturi zao katika dini ya Palo, ambayo ndani yake neno nganga hutaja chungu chenye nguvu za mizimu na pia huingia katika cheo cha mkuu wa ibada. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kulitambua jamaa la neno hilo.

Katika mazingira hayo Wifredo alikuwa na mama wa ubatizo aliyeitwa Mantonica Wilson, mganga na kiongozi wa ibada za Shango aliyesifika Sagua la Grande. Bibi huyu alitamani kijana amrithi katika kazi yake. Wifredo hakukubali, ila aliyoyaona nyumbani kwa Mantonica hayakumtoka maishani. Ni muhimu kulitaja jambo hili sawasawa, kwa sababu baadaye wako waliomwandika Lam kama kuhani aliyeshika brashi. Hakuwa kuhani. Alikuwa mtu aliyelelewa jirani na madhabahu, akaondoka.

Mwaka 1916 alipelekwa Havana, familia ikitumaini kwamba angesomea sheria. Aliishia katika shule ya sanaa ya San Alejandro. Mwaka 1923, akiwa na msaada mdogo wa fedha kutoka baraza la mji wa kwao, alipanda meli kwenda Hispania. Alikusudia kukaa muda mfupi tu, kisha aendelee hadi Paris. Alikaa miaka 15.

Huko Madrid alifundishwa na Fernando Álvarez de Sotomayor, mkurugenzi wa makumbusho ya Prado, ambaye pia alimfundisha Salvador Dalí. Ustadi wa mwalimu huyo ulikuwa wa kale, na Lam aliupata. Hata hivyo, alijifunza zaidi kwa kuzunguka katika kumbi za Prado akiwatazama Goya, Velázquez, Bosch na Bruegel. Kwa mtoto wa koloni la jana, ziara hizo zilikuwa na uchungu wake: utajiri uliojenga kumbi zile ulikuwa na sehemu yake iliyotoka katika visiwa kama alichozaliwa. Alijipatia riziki kwa kuchora sura za watu wenye uwezo. Mwaka 1929 alimwoa Eva Piriz, wakapata mtoto wa kiume. Mwaka 1931 mama na mtoto walifariki kwa kifua kikuu. Picha za mama na mtoto alizochora baada ya msiba huo hazihitaji maelezo mengi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Hispania mwaka 1936, Lam alijiunga na upande wa Jamhuri katika kuitetea Madrid. Alifanya kazi katika kiwanda cha silaha, akadhurika kwa kemikali, akapelekwa Katalunya kutibiwa. Huko alikutana na mchongaji Manolo Hugué aliyempa barua ya kumtambulisha kwa Pablo Picasso. Mwaka 1938 alivuka kuingia Ufaransa.

Uhusiano wa Lam na Picasso umesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi umesimuliwa vibaya, kana kwamba mmoja alikuwa mwanga na mwingine kivuli. Picasso alimpokea kwa ukarimu mkubwa, akamjulisha kwa wachoraji na wafanyabiashara wa picha, na mwaka 1939 Lam akapata maonyesho yake katika jumba la Pierre Loeb. Miongoni mwa waliotambulishwa kwake alikuwa Michel Leiris, mwandishi na mtaalamu wa mila ambaye mwaka 1932 alikuwa Gondar, Ethiopia, akichunguza watu wanaopandwa na pepo wa zar. Leiris ndiye aliyemtembeza Lam kati ya sanamu za Kiafrika zilizokuwa katika makumbusho ya Paris. Hapa pana kinaya ambacho hakipaswi kupitwa haraka: kijukuu wa Kongo alikuwa akionyeshwa Afrika na Mfaransa, ndani ya makabati ya vioo. Ila wenzake walipoziangalia sanamu hizo kama maumbo mapya ya kuazima, yeye aliwahi kuyaona maisha ambayo maumbo ya namna hiyo hutumikia.

Wajerumani walipoiteka Paris mwaka 1940, Lam alikimbilia Marseille walikokusanyika wasanii na waandishi wengi wakisubiri njia ya kutoka. Alichorea vielelezo utenzi wa André Breton uitwao Fata Morgana. Mnamo Machi 1941 aliondoka kwa meli iliyobeba wakimbizi takriban 300, Breton na mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss wakiwa miongoni mwao. Meli ilitia nanga Martinique, na abiria wakawekwa kizuizini. Ni katika kisiwa hicho Lam alipokutana na Aimé Césaire, mshairi wa Negritude. Urafiki wao ulidumu hadi kifo cha Lam. Kwa wanafunzi wa fasihi, zao la kwanza la urafiki huo lina umuhimu wa pekee: mwaka 1943 utenzi mrefu wa Césaire kuhusu kurejea nchini kwake ulichapishwa Havana kwa Kihispania, ukiwa umetafsiriwa na Lydia Cabrera na kupambwa kwa michoro ya Lam. Mshairi mweusi wa lugha ya Kifaransa, mtafiti Mkuba mwenye asili ya Kihispania, na mchoraji mwana wa Mchina walikutana katika kijitabu kimoja chenye kurasa chache.

Lam mwenyewe aliwasili Kuba katikati ya mwaka 1941. Alikuwa ameondoka akiwa kijana wa miaka 20. Alirudi akikaribia 39, bila jina nyumbani na bila fedha, na aliyoyaona yalimchukiza. Havana ilikuwa imefanywa uwanja wa starehe wa watalii. Ngoma za watu weusi zilikuwa zikiuzwa katika vilabu vya usiku, ilhali wapigaji wenyewe waliendelea kubaguliwa. Alikusudia kuchora kwa namna ambayo mtalii asingeweza kuinunua kama kumbukumbu ya safari. Katika muda wa miezi 18 hivi alifanya kazi kwa wingi ambao hakuwahi kuufikia kabla. Pamoja na Lydia Cabrera alihudhuria ibada alizokuwa akizijua tangu utotoni, safari hii akitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuonja ugeni.

Kutokana na kipindi hicho ikazaliwa La Jungla, iliyokamilika mwanzoni mwa mwaka 1943. Ni picha kubwa, yenye urefu wa takriban mita 2.39 na upana wa mita 2.30, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na makaa juu ya karatasi ambayo baadaye ilibandikwa kwenye turubai. Viumbe wanne wamesimama wakimkabili mtazamaji. Nyuso zao ni vinyago, baadhi zikiwa na umbo la mwezi mwandamo. Matiti na makalio yao yananing'inia kama matunda. Nyayo zao ni kubwa mno, nyayo za watu waliozoea kusimama shambani kutwa. Mmoja wao, upande wa kulia, ameinua mkasi. Miguu na mikono imechanganyika na mashina yaliyosimama wima kiasi kwamba ni vigumu kujua mtu anaishia wapi na mmea unaanzia wapi.

Jina la picha hiyo limewapotosha wengi. Jungla ni msitu mnene, na watazamaji wa Paris na New York waliposikia neno hilo walifikiria pori la mbali, tamtamu usiku, na hofu. Lakini mashina yaliyochorwa si ya msituni. Yana pingili. Ni miwa, na majani mapana yaliyo kati yake ni tumbaku. Msomaji wa Kakamega ana faida hapa ambayo wahakiki wengi wa Ulaya hawakuwa nayo. Kwa jirani anao msitu wa kweli, wenye miti mirefu na nyani, na akishika barabara ya Mumias anakutana na miwa pande zote mbili. Anajua tofauti ya giza la huku na giza la kule. Msitu huota wenyewe. Shamba la miwa hupandwa kwa mistari, lina mwenyewe, lina mizani na lina deni. Aliyewahi kupita ndani ya miwa iliyokomaa anajua kwamba haoni zaidi ya hatua tatu mbele, na kwamba majani yake hukata ngozi. Ukiitazama La Jungla ukiwa na ujuzi huo, mkasi ulioinuliwa haubaki kuwa fumbo la ndoto. Unakaribia kuwa chombo cha mavuno, na labda cha kisasi.

Swali la nafasi ya China katika kazi hii limejibiwa kwa njia nyingi, na majibu hayana uzito sawa. Wapo wanaoona katika mashina hayo mianzi ya michoro ya Kichina, na katika mstari mwembamba wa Lam mkono wa baba mwandika barua. Hoja hizo zinapendeza, ila ni nyepesi. Mtu yeyote anayetafuta mianzi ataiona. Lipo pia jambo la jina. Lam, jina la ukoo, huandikwa kwa Kichina kwa alama yenye maana ya msitu, miti miwili iliyosimamishwa bega kwa bega, na mwenye jina hilo ndiye aliyeipa picha yake kuu jina la msitu. Huenda ni sadfa tu. Hoja yenye nguvu zaidi iko penye miwa yenyewe. Miwa ndiyo iliyowavusha bahari Wachina wa Kuba, na ndiyo iliyowavusha Wakongo na Wayoruba kabla yao. Kama kuna mahali ambapo Canton na Kongo zilikutana ndani ya lugha ya Kihispania, ni pale katikati ya mistari ile. Lam hakuhitaji kuchora joka ili aichore China ya baba yake.

Hata hivyo, kila kundi lilitaka sehemu yake ya Lam. Wasurealisti, yaani wale waliotafuta sanaa katika ndoto na mambo yasiyotawaliwa na akili, walimsifu kama mtu wa asili asiyeharibiwa na ustaarabu, wakisahau miaka 15 ya Madrid. Wafuasi wa Negritude walimwona Mwafrika. Wengine wakamhesabu kuwa tawi la Picasso. Wataalamu wa Kiswahili wanaifahamu vyema ajali hii. Wamekwisha kuona jinsi lugha yao ilivyopasuliwa na wahesabu maneno, huyu akiorodhesha msamiati wa Kiarabu ili athibitishe kwamba Kiswahili si cha Wabantu, yule akizificha athari za bahari ili akitakase. Lugha huishi kwa sarufi inayoyafunga yote pamoja, na mchoro wa Lam una sarufi ya namna hiyo: ni mmoja, wala haukatiki mafungu matatu.

Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York iliinunua La Jungla mwaka 1945. Heshima hiyo ilikuwa na dosari. Kwa miaka mingi picha hiyo ilitundikwa katika ujia karibu na mahali pa kuwekea makoti, mbali na kumbi za akina Picasso, na mwaka 1988 mhakiki John Yau, ambaye mwenyewe ana asili ya Kichina, aliandika makala kali kuhusu jambo hilo. Mnamo Novemba 2025 makumbusho hayo hayo yalifungua maonyesho makubwa ya kazi za maisha yote ya Lam. Palikuwa pamepita miaka 80 tangu picha inunuliwe.

Baada ya La Jungla, kiumbe mmoja alizidi kurudi katika kazi zake: mwanamke mwenye kichwa cha farasi. Katika dini za Kuba zenye asili ya Afrika, mtu anayepandwa na mungu huitwa farasi wa mungu huyo. Waswahili nao husema kwamba pepo humpanda mtu, na aliyepandwa huitwa kiti. Farasi au kiti, taswira ni ile ile ya mwili uliotolewa kwa mwingine akalie. Lam alimchora farasi huyo akiwa na hadhi, shingo imeinuliwa, macho makavu, hata mtu asijue ni nani anayemwendesha mwenzake. Mwaka 1950 alimchora katika picha aliyoipa jina la Zambezia, Zambezia, jina la nchi iliyo kandokando ya mto Zambezi huko Msumbiji. Afrika ya Mashariki haikuwa katika nasaba yake, lakini ilikuwamo katika ramani ya mawazo yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya safari na ya sifa. Alikwenda Haiti mwishoni mwa mwaka 1945, akaonyesha kazi zake Port-au-Prince na kuhudhuria ibada za vodu. Mwaka 1952 alihamia Paris. Mwaka 1960 alimwoa Lou Laurin, msanii kutoka Sweden, wakapata watoto watatu wa kiume. Alijenga makazi Albissola, Italia, mji wa wafinyanzi, na huko akachora juu ya vyungu na sahani. Mapinduzi ya Kuba ya mwaka 1959 aliyaunga mkono kutoka mbali na kwa ziara. Katika miaka ya 1965 na 1966 alichora El Tercer Mundo kwa ajili ya ikulu ya Havana, na mwaka 1967 alisaidia kuwaleta Havana wasanii wengi wa Ulaya kwa maonyesho ya Salón de Mayo. Kazi zake za uzeeni ni kavu zaidi, rangi zimepungua, pembe zimeongezeka. Si zote zinazofikia nguvu ya zile za miaka ya 1940.

Mwaka 1978 alipatwa na kiharusi kilichoudhoofisha upande mmoja wa mwili wake, lakini aliendelea kufanya kazi akiwa kitini. Alifariki Paris tarehe 11 Septemba 1982. Majivu yake yalisafirishwa hadi Kuba, akafanyiwa mazishi ya kitaifa Havana tarehe 8 Desemba, siku ambayo angetimiza miaka 80. Mwaka uliofuata kilianzishwa huko Havana kituo cha sanaa chenye jina lake, na mwaka 1984 ukafanyika mkusanyiko mkubwa wa kwanza wa sanaa wa Havana. Ule wa kwanza ulikuwa wa nchi za Amerika ya Kilatini na Karibi peke yake. Kwa ule wa pili, wa mwaka 1986, mialiko ilipelekwa pia Afrika na Asia.